Utani wa Kwenye Tope

Wengi wenu mliotuma ujumbe baada ya kipindi kilichopita mliuliza kitu kimoja: zile sauti nyuma ya mazungumzo, kengele za ng'ombe na watu wanapiga kelele kama wamekamata mwizi wa kuku, zilikuwa nini? Zilikuwa mbio za baiskeli. Na zile kelele, wengine mmesikia vizuri, zilikuwa maneno ya kashfa. Mtu mzima anaambiwa breki zake zinafanya kazi kuliko miguu yake. Anacheka, anaendelea kupanda kilima.

Basi wiki hii safu ni ya hao watu. Nimekaa nao tangu Oktoba, sababu mtaiona huko mbele.

Mchezo wenyewe ni saiklokrosi. Kuanzia Septemba mpaka baridi ikolee, kila wikiendi kuna mbio mahali fulani hapa Minneapolis, Saint Paul au vitongoji vyake. Kama hujawahi kuona: chukua baiskeli ya mbio, ile yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, ivalishe tairi zenye meno, halafu ipeleke mahali ambapo mtu mwenye akili hapeleki baiskeli. Nyasi zilizolowa. Mchanga. Tope la kufika kwenye cheni. Njia imezungushiwa utepe, kama kilomita tatu hivi, na wewe unazunguka mpaka dakika zako ziishe. Kuna vizuizi vya mbao visivyozidi sentimita 40, na hapo wengi wanashuka, wanainua baiskeli, wanaruka, wanadandia tena. Kuna kilima kikali ambacho unabeba baiskeli begani kama gunia la mahindi na kukimbia. Mwaka 2013 mashindano ya dunia yalitoka Ulaya kwa mara ya kwanza, yakaja Louisville, Kentucky, na mto Ohio ukatishia kufurika mpaka mbio za siku mbili zikabanwa kuwa siku moja. Ndiyo mchezo wenyewe huo, maji na matope.

Hapa kwetu wanaoshindana ni watu wa kawaida. Nesi, mwalimu, fundi bomba, mtu wa kompyuta. Hakuna pesa ya maana. Na hapo ndipo siri ya kelele ilipo: mtazamaji na mshindani ni mtu yule yule. Aliyemaliza mbio za saa tatu asubuhi (saa tatu ya Kiswahili, nyie mnaochanganya) anabadilisha soksi, anachukua kengele, anasimama kwenye utepe na kuanza kuwasema wa saa nne. Saa sita anasemwa yeye.

Mwishoni mwa Oktoba, karibu na Halloween, wanakuja na mavazi. Nimeona ndizi kubwa inaendesha baiskeli. Nimeona bwana mmoja na gauni la harusi, ndevu mpaka kifuani, shela imejaa tope. Wanaosimama pembeni nao wamevaa, kwa hiyo unajikuta unazomewa na kuku. Hali ya hewa haiwatishi. Wazee wa hapa watakukumbusha ile Halloween ya 1991, theluji ilianguka inchi 28.4 kwa siku chache, wanaitaja kila mwaka kama sisi tunavyotaja msiba wa ukoo.

Nimejiuliza kwa nini mchezo huu una maneno mengi kuliko mingine. Nadhani jibu ni kasi. Mbio za barabarani kundi linapita kwa kilomita 45 kwa saa, unasikia vuuu, wamekwisha. Ukitaka kumwambia mtu kitu, hana muda wa kukisikia. Pale Blaine, karibu na tulikokulia, palikuwa na uwanja wa mbio za baiskeli wa mbao, umejengwa 1990, ukafa baada ya msimu wa 2019. Duara la mita 250, kona zimeinama nyuzi 43, na mbao zake zilikuwa za afzelia, mti wa Afrika. Jamii moja na mkongo, ambao watu wa Mombasa wanauita mbambakofi. Tulikuwa tunapelekwa pale watoto, na Mzee mmoja rafiki wa Baba alikuwa anagusa ule ukuta na kusema, "Hii mbao imetoka mbali kuliko mimi." Kwenye mbio za kasi wanazunguka duara zima kwa sekunde kumi na tano. Una neno moja tu la kusema, basi lazima liwe jina la mtu.

Lakini mlimani ni hadithi nyingine. Stillwater, kule mtoni upande wa mashariki, kuna barabara inaitwa Chilkoot Hill. Kwa miaka mingi ile ziara ya mbio ya Nature Valley, baadaye ikaitwa North Star, ilimalizikia pale, na watu walijazana kwenye kile kilima kwa sababu ndipo mtaalamu anapokwenda taratibu kama wewe. Saiklokrosi wameichukua sehemu hiyo moja na kuifanya mchezo mzima. Mwendeshaji anapita mbele yako kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani, uso umekunjamana, na atarudi tena baada ya dakika nane. Na tena. Yaani unaweza kumwanzia sentensi raundi ya kwanza ukammalizia raundi ya nne.

Na hawa ni watu wa Minnesota jamani! Mnawajua. Mtu kazini hawezi kukwambia umekosea, atasema "hiyo ni njia tofauti ya kufanya." Jirani atakaa miaka sita bila kukwambia gari lako linamzibia. Wape utepe na kengele, wanafunguka. Nimemsikia mama mmoja mpole kabisa, sweta la kufuma, anamwambia kijana: "Bibi yangu anapanda haraka kuliko wewe, na tulimzika 2009!"

Sasa tatizo la lugha. Kiingereza wana neno moja kwa haya yote. Sisi tunalazimika kuchagua, na ukichagua umeshatoa hukumu. Kushangilia, hiyo rahisi. Kuzomea ni kumfukuza mtu, unamwambia wewe hapa si mahali pako. Kuchamba ni kumsema mtu kwa maneno makali yaliyopangwa, na mipasho ni kuchamba kwa ustadi, kuna vikundi vya taarabu vimeishi mjini kwa kazi hiyo. Halafu kuna kutania. Kutania kuna mlango wake, huingii tu.

Kabla sijafika huko, nipite kwenye noti za dola, maana hii mtaipenda. Wale watazamaji wananyoosha noti ya dola moja juu ya utepe, na mwendeshaji anaidaka kwa mkono, au kwa meno. Kwingine ni donati, kwingine bia. Mbio rasmi zina sheria zake kuhusu kupokea vitu njiani. Kuna mwamuzi anafumba macho na kuna atakayekutoa. Mama alipoona mara ya kwanza hakushangaa hata kidogo. "Si wanatunza," akasema. Ndiyo. Umeshaona taarabu harusini, shangazi anainuka taratibu kwa madaha, anakwenda kumbandika mwimbaji noti? Ni ile ile. Tofauti yake wa kwetu mwimbaji hajajaa tope.

Na mavazi pia wasidhani wamevumbua wao. Pwani yetu tangu miaka ya 1890 kulikuwa na ngoma ya beni. Vijana wa Lamu, Mombasa, baadaye Tanga na Dar es Salaam, waligawana makundi, wakajishonea sare za kijeshi na kujipa vyeo vya kizungu, wakawa wanapita mitaani kushindana na kundi la pili kwa mavazi na nyimbo za kuwasema wenzao. Mombasa walikuwepo Kingi na Scotchi, bara Marini na Arinoti. Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hizo, kilitoka 1975. Mtu mzima kavaa kama mtu mwingine, anamkejeli mtu mzima mwenzake barabarani, na jioni wote wanarudi nyumbani. Kilikuwa kitu kizito, watu walifilisika kwa ajili ya sare.

Haya. Mdogo wangu.

Mdogo wangu ana miaka kumi na tisa. Septemba 2025 tuliamka usiku wa manane kuangalia mashindano ya dunia ya barabarani kutoka Kigali, mara ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Mnakumbuka siku ya wanaume: kilomita 267.5, Pogačar akashinda, na katika kundi lote walimaliza watu 30 tu. Mimi nilikuwa naangalia mbio. Yeye alikuwa anaangalia watu. Ule umati wa Kigali, watoto juu ya kuta, akina mama na miavuli, kile kilima cha mawe pale Kimihurura watu wamejipanga pande zote wanawaimbia hata wa mwisho. Akasema, "Mi nataka kupigiwa kelele hivyo." Wiki mbili baadaye akaazima baiskeli, akajiandikisha daraja la wanaoanza.

Mbio zake za kwanza zilikuwa kwenye bustani moja ya mji, sitaitaja. Kwenye kile kilima cha kubeba baiskeli alisimama bwana mmoja na kofia ya Viking, zile za pembe mbili. Mdogo wangu akashuka, akatupia baiskeli begani, akaanza kukimbia. Yule bwana akapaza sauti: "Mkenya! Tupa baiskeli, kimbia tu!" Watu wakacheka.

Kwanza, wazazi wetu ni wa Tabora. Pili, huyu binti kazaliwa Robbinsdale na hajawahi kukimbia hata kuwahi basi la shule. Lakini hayo tuyaache. Raundi ya pili bwana akarudia. Ya tatu, ya nne. Maneno yale yale. Mdogo wangu akamaliza, akafika nyumbani, akaingiza baiskeli gereji bila kuiosha. Kwa watu wa mchezo huu, kutoosha baiskeli ni kama kuacha chakula mezani.

Rafiki zangu wawili wanaoshiriki mbio hizi, watu wazuri, waliniambia hiyo siyo tusi. Ni sifa! Wakenya si wanakimbia? Na kila mtu anasemwa pale, huwezi kutaka kuingia mchezoni halafu usiguswe.

Nimelifikiria sana hilo jibu na sikubaliani nalo. Sikiliza wengine wanasemwa nini. Wanasemwa breki, kitambi, soksi, mwendo, bibi aliyekufa. Vitu walivyovileta wenyewe au wanavyovifanya pale pale. Yeye alisemwa uso. Na wengine kila raundi wanapewa jipya, mtu anajipinda kutafuta neno, ndiyo heshima yake hiyo. Yeye alipewa moja, mara nne. Mtu akikutania neno moja mara nne hajakuona hata mara moja.

Halafu baiskeli nchi hii ina kumbukumbu. Marshall Taylor, waliyemwita Major, mtu mweusi aliyezaliwa Indiana, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio fupi mwaka 1899, Montreal. Miji yetu hii ina klabu ya baiskeli yenye jina lake, wengine mnawajua, mmeshaendesha nao. Taylor aliwekewa kila aina ya fitina na wapinzani wake. Mwaka 1897 huko Taunton, Massachusetts, baada ya mbio, mzungu mmoja aliyemshinda Taylor nafasi... hapana, niseme vizuri: aliyekuwa nyuma yake, alimvuta kutoka kwenye baiskeli na kumkaba koo mpaka akazimia. Habari ninayoikumbuka zaidi katika kisa hicho ni ya watazamaji. Magazeti ya siku zile yaliandika kwamba umati uliwaka, ukamgeukia yule mkabaji na kumtishia. Umati wa 1897. Walikuja kuangalia baiskeli, hawakuja kutetea mtu, lakini walijua mstari uko wapi.

Kwa upande wa pili, wenyewe wa Ulaya mstari huo wanaupoteza mara nyingi. Desemba 2023 kule Hulst, Uholanzi, Mathieu van der Poel, bingwa wa dunia, alichoka kuzomewa akawatemea mate watu wa pembeni. Alitozwa faini ya faranga 250 za Uswisi. Waliomzomea walirudi nyumbani.

Nirudi kwenye mlango wa utani. Baba ni Mnyamwezi. Yule Mzee aliyekuwa anagusa mbao za Blaine ni Mzaramo wa Kisarawe. Wanyamwezi walishuka pwani na mizigo na misafara miaka na miaka, wakajenga utani na makabila mengi ya njiani, Wazaramo wakiwemo. Kama mnachojua ni "watani wa jadi" ya Simba na Yanga, basi mmeshika mkia tu. Mtani anaruhusiwa kukwambia chochote. Anaingia jikoni kwako anafunua sufuria. Anadai nauli ya kuja kukutukana.

Babu alipofariki hapa Brooklyn Park, Januari, nyumba imejaa, watu wanalia, Mzee akatoka chumbani kavaa koti la Babu, kofia ya Babu, fimbo ya Babu, anatembea vile vile na kukohoa vile vile, anauliza nani kakalia kiti chake. Bibi alikuwa hajala siku mbili. Alicheka mpaka akashikwa mkono. Wageni wa Kimarekani waliokuja kutoa pole walidhani mtu kachanganyikiwa.

Lakini asubuhi yake makaburini ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi, na aliyeshika koleo mpaka mwisho, vijana wote tumeshakimbilia kwenye magari, ni yule yule. Utani una deni ndani yake. Anayekukejeli ndiye anayekuzika. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "ni utani tu," hiyo "tu" inanikera. Hakuna utani tu.

Na utani unajibiwa. Hapo ndipo kilima cha tope kinapokuwa na kasoro yake: yule aliye na baiskeli begani hana pumzi ya kujibu. Mapafu yako puani. Kwa hiyo anayetania lazima asubiri kwenye mstari wa mwisho apokee chake, au naye apande baiskeli saa inayofuata umsubiri wewe. Wengi wanafanya hivyo, ndiyo maana ile mama ya sweta na yule kijana baadaye niliwakuta wanagawana supu. Yule mwenye pembe aliondoka.

Wiki mbili baadaye familia iliamua kwenda. Mdogo wangu hakuomba. Alisema hajui hata kama ataendesha, kisha Ijumaa usiku akaonekana gereji na ndoo ya maji. Jumamosi tukajaa kwenye gari la Baba: Mama, shangazi wawili, Mzee, chupa mbili za chai na sufuria ya maandazi. Mashangazi wamevaa sare ya kanga juu ya makoti ya baridi, wanaonekana kama magodoro mawili ya harusini. Jina la kanga: SEMENI MTACHOKA. Katika watu mia mbili pale, waliokuwa wanaweza kulisoma ni sisi.

Wakajipanga pale kilimani. Shangazi mkubwa akapiga kigelegele kimoja, kengele za ng'ombe zote zikanyamaza. Nawaambieni, kengele ni chombo dhaifu. Kufika raundi ya pili kuna wazungu wanamwomba awafundishe ulimi unakaaje. Mama anatunza kila anayepita, siyo mwanawe peke yake, noti za dola moja moja, na wasiotaka noti wanapewa andazi. Kuna kijana alimaliza mbio nzima andazi liko mdomoni.

Halafu mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba tuzo ya kostumu bora ya watazamaji inakwenda kwa wale kina mama wa nguo za rangi pale kilimani.

Mdogo wangu alikuwa ameshamaliza, amesimama karibu yangu. Uso wake ulibadilika kuliko siku ya yule mwenye pembe. "Siyo kostumu," akasema. "Hizo ni nguo." Shangazi yeye alishakwenda kuchukua zawadi: soksi za sufu pea mbili na kasha la bia, ambalo alimkabidhi mtu wa kwanza aliyemwona. Akarudi anafurahi. Mdogo wangu akamwambia kwamba wamemfanya kichekesho.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "mimi sare nimeshona ngapi? Sare inavaliwa ionwe. Wameiona. Wao wakiita kostumu, mimi nimepata soksi."

"Na mwaka kesho wakija wao wamevaa kanga, karibu na ndizi na kuku?"

Shangazi hakujibu hapo. Alikunja ncha ya kanga, akaipangusa tope. Jioni kwenye gari alisema, kama anaongea na dirisha, kwamba atakayekuja na kanga atamuuliza jina lake linasema nini, na akishindwa kulisoma ataivua. Sijui kama alikuwa anatania. Mimi nadhani mdogo wangu ana haki na Shangazi ana soksi, na sioni namna ya kuwapatanisha.

Mzee wakati huo ametoweka. Nikamkuta nyuma ya mahema anaongea na kofia ya pembe.

"Wewe kabila gani?" anamuuliza, kwa Kiingereza chake cha Kisarawe. Bwana akasema mababu zake Wanorwei. "Na watani wenu nani?" Hakuelewa. Mzee akafafanua: ni watu gani mnawasema vibaya na hawakasiriki? Bwana akacheka, akasema Wasweden, na hapo hapo akaanza kisa cha Ole na Lena, zile hadithi za kuchekesha za Wanorwei na Wasweden ambazo kila mtu aliyesoma shule Minnesota ameshazisikia mara elfu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote.

"Vizuri. Wewe una watani wako. Yule binti ni wa Wanyamwezi, mtani wake ni mimi. Wiki mbili zilizopita umemtania bila ruhusa yangu. Unadaiwa."

Bwana akawa mwekundu. Akaanza kuomba radhi, unajua zile radhi ndefu za hapa, hakukusudia, yeye si mtu wa namna hiyo. Mzee akakataa. Hataki radhi. Radhi inafunga mambo, yeye anataka deni. Akamwambia aoshe baiskeli ya binti. Na kweli, yule bwana akachukua bomba la maji akaanza kuosha, pembe kichwani, kafika gurudumu la nyuma tu mbio zake zikaitwa. Akakimbia kwenda kwenye mstari.

Mimi niliona jambo limekwisha vizuri. Mdogo wangu alipoambiwa alikasirika upya. "Nani kamtuma? Nina mdomo." Akachukua kengele ya Shangazi, akapanda kile kilima peke yake, akasimama pale pale bwana aliposimama siku ile.

Raundi ya kwanza: "Mababu zako walivuka bahari kwa mashua, wewe unashindwa na dimbwi!" Ya pili akamuuliza kama hizo pembe ni za kwake au ameazima kwa aliyembeba kufika pale. Ya tatu akamwambia Wasweden wamepita zamani, wameshakunywa kahawa, wanaosha vikombe. Kila raundi jipya. Ya nne yule bwana alifika pale hana pumzi kabisa, akasimama kabisa, akavua kofia, akamvalisha mdogo wangu kichwani, akaendelea kupanda.

Ameiweka gereji, juu ya msumari. Anasema siyo zawadi, ni amana, na kwamba Jumamosi atakwenda kuidai pesa ya kuitunza. Mzee anasema kiwango ni dola tano. Mama anauliza maandazi mangapi.